Mikofenoleti: kimeng'enya kimoja na figo ya kupandikizwa

Mgonjwa aliyepandikizwa figo kwa kawaida hutoka hospitalini na dawa tatu za kutuliza kinga ya mwili: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Mbili kati ya hizo hufanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya. Takrolimasi huzuia kalsinyurini, kimeng'enya kinachoziamsha seli T, askari wa kinga, zikishakutana na kitu kigeni. Mikofenoleti huzuia kingine kiitwacho IMPDH. Kisa cha hiyo ya pili ndicho ninachokichambua hapa, kwa sababu haikuokotwa katika kupekuapekua kemikali. Ilitafutwa. Swali lilitangulia, jibu likapatikana kwa kuwatazama watoto wagonjwa, na kemikali ikaja mwisho. Aliyeuliza swali hilo alikulia Kenya.

Hali ilivyokuwa

Upandikizaji wa figo uliofaulu kwa mara ya kwanza ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954. Mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hiyo mwili wa mpokeaji haukuwa na sababu ya kuikataa figo. Kwa wagonjwa wengine wote tatizo lilibaki palepale mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipokuja azathioprini kutoka maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion wa kampuni ya Burroughs Wellcome. Ikitumiwa pamoja na steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni), azathioprini iliwezesha figo ya ndugu asiye pacha, na hata ya mtu aliyefariki, kukubaliwa. Lakini dawa hiyo haichagui. Seli yoyote inayogawanyika haraka inaguswa, uboho, unaotengeneza damu, ukiwa wa kwanza.

Mwaka 1983 Marekani iliidhinisha siklosporini, iliyotokana na kuvu ya udongo wa Hardangervidda huko Norway. Hii iliongeza sana idadi ya figo zilizovuka mwaka wa kwanza, ila ilikuja na kasoro ambayo mpaka leo inawaumiza vichwa madaktari: inayasumbua mishipa na mirija ya figo ileile inayopaswa kuilinda. Na hata ikichanganywa na azathioprini na steroidi, wagonjwa wapatao wanne katika kila kumi waliendelea kupata shambulio la kukataa figo ndani ya mwaka wa kwanza.

Shambulio hilo lina sura yake. Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua kama figo inachuja, iliyokuwa ikishuka vizuri inaanza kupanda, pengine mkojo unapungua, pengine mgonjwa hasikii chochote. Daktari anachoma sindano, anatoa kipande chembamba cha figo na kukipeleka maabara. Chini ya darubini unaziona limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga, zimejipenyeza katika kuta za mirija ya figo. Hazikuingia chache zikabaki chache. Limfosaiti iliyoitambua figo ngeni hujigawanya, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka linakuwa jeshi. Kugawanyika huko ndiko kulikohitaji kuzuiwa, bila kugusa kugawanyika kwa seli nyingine za mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na dawa iliyoweza hilo kwa usafi.

Watoto wa aina mbili

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, katika Bonde la Ufa. Wengi wanaomjua wanamjua kwa habari ya selimundu. Mwaka 1949, akiwa katika msafara wa kitaaluma wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za Kenya, akaona kwamba jeni ya selimundu imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ilhali nyanda za juu ni nadra. Palipo na malaria palikuwa na selimundu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu namna ileile ya kufikiri ndiyo iliyozaa dawa ya figo. Allison aliuchukulia ugonjwa wa kurithi kama jaribio ambalo maumbile yenyewe yameshalifanya, kazi ya mtafiti ikiwa ni kulisoma tu.

Ili kuuelewa usomaji wake, inabidi kujua kitu kimoja kuhusu purini. Hizi ni viungo vya kutengenezea DNA, na seli inayotaka kugawanyika lazima iwe nazo kwa wingi. Zinapatikana kwa njia mbili. Seli inaweza kuzipika upya kuanzia vitu vidogovidogo, au inaweza kupasha kiporo, yaani kuokota purini zilizobaki baada ya DNA ya zamani kuvunjwa na kuzirudisha kazini. Seli nyingi za mwili zinaweza yote mawili.

Sasa watoto. Mwaka 1972, Eloise Giblett wa Seattle na wenzake waliripoti wasichana wawili wenye upungufu mkubwa wa kinga ambao damu yao haikuwa na kimeng'enya kiitwacho ADA, kinachoshughulikia purini. Watoto wa namna hii hukosa limfosaiti, na maambukizi ambayo mtoto mwingine huyapita kwa siku chache huwaua. Purini zikivurugika hivyo, limfosaiti ndizo zinazoumia. Miaka minane kabla, mwaka 1964, Michael Lesch na William Nyhan walikuwa wameeleza ugonjwa mwingine unaowapata wavulana: asidi ya yuriki inajaa mwilini, ubongo unaathirika, na mtoto anajing'ata midomo na vidole vyake mwenyewe bila kuweza kujizuia. Wavulana hao wanakosa HGPRT, kimeng'enya cha njia ya kiporo.

Wavulana hao wana mateso makubwa, lakini limfosaiti zao ni nzima. Allison na wenzake walizichunguza wakiwa Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 1975. Njia ya kiporo imefungwa kabisa, na bado limfosaiti zinazaliana na kufanya kazi. Maana yake ni kwamba limfosaiti hazitegemei kiporo. Zinategemea kupika. Basi ukifunga jiko, na kuacha njia ya kiporo wazi, seli nyingine za mwili zitaendelea kujikimu na limfosaiti zitakwama.

Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa kisa chote. Hakuna aliyekuwa ameshika dawa mkononi. Kilichokuwapo ni makundi mawili ya watoto, kila kundi limepungukiwa kimeng'enya chake, na mtu aliyekaa akayaweka pamoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Allison alirudi Nairobi kuongoza ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, ambayo baadaye iliingizwa katika ILRI. Kutoka hapo yeye na mtafiti mwenzake Elsie Eugui wakahamia kampuni ya Syntex, Palo Alto, California. Swali lao sasa lilikuwa na anwani. Katika jiko la purini kuna kimeng'enya kinachoamua ni kiasi gani cha guanini, mojawapo ya purini, kitatengenezwa, nacho ni IMPDH. Wakitaka kuinyima limfosaiti guanini, hicho ndicho cha kukizuia. Ilibaki kupata kizuizi.

Kemikali ya mahindi yenye ukungu

Kizuizi kilikuwapo tangu karne iliyotangulia. Mwaka 1893 daktari wa Italia, Bartolomeo Gosio, alikuwa akichunguza mahindi yaliyoota ukungu kwa kudhani kwamba huenda ndiyo yanayoleta pelagra, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza maskini waliokula mahindi matupu. Hakuupata ugonjwa huo pale, maana pelagra hutokana na upungufu wa niasini. Alichopata ni fuwele kutoka kuvu ya jamii ya Penicillium, akaona kwamba zinazuia bakteria wa kimeta kukua. Kemikali hiyo ikapewa jina la asidi ya mikofenoliki mwaka 1913 huko Marekani, kisha ikasahauliwa, ikafufuliwa, ikasahauliwa tena. Miaka ya 1970 ilijaribiwa kwa saratani na kwa soriasisi. Ngozi za wagonjwa wa soriasisi zilipata nafuu, lakini tumbo liliwasumbua na wengine walipata mkanda wa jeshi, na mpango ukaachwa.

Msomaji makini atasimama hapo kwenye mkanda wa jeshi. Huo ni ugonjwa unaoamka kinga ya seli inapolegea. Waliotafuta dawa ya ngozi waliuona kama dosari, na kwa ngozi kweli ilikuwa dosari. Kwa anayetafuta dawa ya kulegeza limfosaiti, ilikuwa dalili kwamba dawa inafika inakotakiwa.

Japani tayari walikuwa na kizuizi kingine cha IMPDH, mizoribini, walichokitumia kwa wapokeaji wa figo tangu 1984. Allison na Eugui waliipendelea asidi ya mikofenoliki kwa sababu haifanani na viungo vya DNA na haiingizwi ndani ya DNA, kwa hiyo haileti ule uharibifu wa kromosomu unaohofiwa kwa dawa za mtindo wa azathioprini. Tatizo lake lilikuwa kufyonzwa tumboni. Wanakemia wa Syntex waliifunga kipande cha ziada kilichoisaidia kupita, na ndipo ikawa mikofenoleti mofetili. Ikishaingia mwilini, vimeng'enya vinakikata kipande hicho upesi na kuiacha asidi yenyewe iende kazini.

Jinsi inavyokizuia kimeng'enya ni jambo la kupendeza kulitazama kwa karibu. IMPDH hufanya kazi yake kwa hatua mbili. Kwanza inaikamata IMP, molekuli ambayo guanini hutengenezwa kutokana nayo, inainyang'anya haidrojeni na kuikabidhi kwa msaidizi wake, NAD, ambaye huondoka na mzigo huo. Kisha maji yanapaswa kuingia na kuifungua molekuli ili itoke ikiwa imeshabadilika kuwa XMP, njiani kuelekea guanini. Asidi ya mikofenoliki inangoja kati ya hatua hizi mbili. NAD akishaondoka, inakaa penye nafasi yake, na maji hayapati mlango. Kimeng'enya kinabaki kimeshikilia kazi iliyofanyika nusu. Hakiharibiki. Dawa ikipungua kwenye damu, kinaachiliwa na kuendelea, na ndiyo sababu mgonjwa humeza mara mbili kwa siku na ndiyo sababu kuruka dozi kuna gharama.

Kuna bahati moja iliyoongezeka. Mwili una IMPDH za aina mbili. Aina ya kwanza iko karibu katika seli zote. Aina ya pili huongezeka kwenye limfosaiti zilizoamka na kuanza kugawanyika, nayo huzuiliwa na asidi ya mikofenoliki kwa nguvu takriban mara tano kuliko ya kwanza.

Majaribio kwa binadamu

Hans Sollinger, daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, ndiye aliyeongoza jaribio la kwanza kwa wapokeaji wa figo. Wagonjwa 48 walipewa dozi zilizoanzia miligramu 100 kwa siku mpaka 3500. Figo hazikudhurika, na kadiri dozi ilivyopanda ndivyo mashambulio yalivyopungua. Gramu 2 na gramu 3 kwa siku zikachaguliwa kwa majaribio makubwa.

Yalifanyika matatu kwa wakati mmoja. La Marekani lilikuwa na wagonjwa 499, la Ulaya 491, na la tatu, lililoshirikisha mabara matatu, 503. Wote walitumia siklosporini na steroidi. Marekani na mabara matatu walilinganisha mikofenoleti na azathioprini. Ulaya walilinganisha na kidonge kisicho na dawa. Katika jaribio la Ulaya, mashambulio yaliyothibitishwa kwa kipande cha figo ndani ya miezi sita yalikuwa asilimia 46.4 kwa waliopata kidonge kitupu, 17.0 kwa waliopata gramu 2, na 13.8 kwa waliopata gramu 3. Matokeo ya yote matatu yalipojumlishwa, mashambulio ya mwaka wa kwanza yalikuwa asilimia 40.8 upande wa kulinganishia, 19.8 kwa gramu 2 na 16.5 kwa gramu 3. Yaani nusu au zaidi yalikuwa yameondoka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo Mei 1995, ikauzwa kwa jina la CellCept na kampuni ya Roche, iliyokuwa imeinunua Syntex mwaka uliotangulia.

Kwa nini gramu 3 haikuwa dozi ya kawaida, kama ilipunguza mashambulio zaidi? Kwa sababu kilichoongezwa juu kilidaiwa kwingine: kuhara kwingi zaidi, chembe nyeupe kushuka zaidi, virusi vya CMV, vinavyowasumbua wenye kinga dhaifu, kuingia katika viungo vya ndani mara nyingi zaidi. Gramu 2 ikawa mahali pa kusimamia. Isipokuwa jambo moja: katika jaribio la Marekani, wagonjwa weusi walionekana kuhitaji gramu 3 ili kupata nafuu waliyoipata wengine kwa 2. Tokeo hilo limenukuliwa sana, na naona hatari mtu kulihamisha moja kwa moja mpaka Dodoma au Eldoret. Mmarekani mweusi wa miaka ya 1990 na mgonjwa wa kwetu anayepewa figo na dada yake hawalingani katika mtoaji, katika dawa nyingine wanazomeza, wala katika maambukizi yanayowazunguka. Rangi ya ngozi haitoshi kuwa kipimo cha dozi.

Takwimu ambazo hazikusherehekewa

Katika majaribio hayohayo matatu, figo zilizokuwa zikifanya kazi baada ya mwaka mmoja zilikuwa asilimia 90.4 kwa gramu 2, 89.2 kwa gramu 3, na 87.6 upande wa kulinganishia. Mashambulio yamekatwa nusu, lakini uhai wa figo umesogea kidogo tu, na hata miaka mitatu baadaye tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka ya kitakwimu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mashambulio mengi ya mwanzo hutibika kwa steroidi nyingi, na figo huuawa baadaye na mambo mengine. Takwimu za daftari la wagonjwa la Marekani zilizochapishwa mwaka 2000 zilionyesha wanaotumia mikofenoleti wakipoteza figo kwa kasi ndogo kwa miaka iliyofuata, lakini daftari si jaribio. Anayepewa dawa mpya mara nyingi ana mengine mazuri pia.

Kisha mwaka 2004 Waitalia wakachapisha jaribio lililowashtua wengi. Giuseppe Remuzzi na wenzake waliwagawa wagonjwa 336 kati ya mikofenoleti na azathioprini, wote wakitumia siklosporini ya muundo mpya unaofyonzwa vizuri zaidi kuliko ule wa miaka ya mwanzo ya 1990. Mashambulio ya miezi sita yalikuwa asilimia 34 upande mmoja na 35 upande wa pili. Hakuna tofauti, na azathioprini ni rahisi mno kwa bei. Walipofuatiliwa kwa miaka mitano, picha ilibaki ileile.

Mimi sichukulii jaribio hilo kama hukumu ya mwisho. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti zote zilizolinganisha dawa hizi mbili, yaliipa mikofenoleti ushindi katika kuzuia mashambulio na katika kuilinda figo isipotee. Tena jaribio liitwalo Symphony, la wagonjwa 1645, lililochapishwa mwaka 2007, lilionyesha kwamba mikofenoleti inang'aa ikiwekwa pamoja na takrolimasi ya kiwango cha chini: mashambulio asilimia 12.3 kwa mwaka, dhidi ya 25.8 kwa siklosporini ya kawaida, na figo zikichuja vizuri zaidi. Mchanganyiko huo ndio unaotumika leo karibu kila mahali. Lakini kazi ya Waitalia inampa heshima yake daktari ambaye mgonjwa wake hana uwezo wa kununua mikofenoleti. Anayempa mgonjwa azathioprini kila siku bila kukosa anafanya vizuri kuliko anayemwandikia mikofenoleti ambayo mgonjwa ataimeza mwezi huu na kuikosa mwezi ujao.

Mahali ambapo jiko halikuwa la limfosaiti peke yake

Hoja ya Allison na Eugui ilikuwa kwamba limfosaiti ndizo zinazotegemea kupika purini upya. Ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa, na madhara ya dawa yanaonyesha palipobaki. Utando wa utumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache na sehemu ya purini zake huzipika mwenyewe, kwa hiyo kuhara ndilo lalamiko la kwanza. Uboho nao huguswa. Kuna pia safari ya dawa yenyewe: ini huifunga na kuitupa kwenye nyongo, bakteria wa utumbo huifungua, nayo hufyonzwa tena saa kadhaa baadaye. Utumbo unaipata dawa mara mbili.

Safari hiyo ina athari ambayo inasahaulika kliniki. Siklosporini huzuia mlango ambao dawa hupitia kuingia kwenye nyongo, hivyo hupunguza kiasi kinachorudi. Takrolimasi haizuii. Mgonjwa akihamishwa kutoka siklosporini kwenda takrolimasi na mikofenoleti ikaachwa vilevile, kiwango chake kwenye damu kinapanda bila mtu kuongeza kidonge. Akianza kuhara wiki chache baadaye, anapewa dawa za minyoo na za amiba, wakati jibu liko kwenye kadi yake. Omeprazoli, ambayo watu wanaimeza kwa mazoea, nayo hupunguza kufyonzwa kwa mikofenoleti mofetili, kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke.

Kwa Afrika Mashariki naliweka mbele zaidi suala la kifua kikuu. Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Muhimbili Novemba 2017, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kenya ilitangulia kwa miaka mingi. Wapokeaji hawa wanaishi katika nchi ambazo kifua kikuu ni cha kawaida, na dawa zao zinakiamsha. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, inaishusha takrolimasi vibaya mno kwa kukichochea kimeng'enya cha ini kinachoivunja, na kiwango cha mikofenoleti pia kinashuka. Figo iliyokuwa salama inaweza kushambuliwa ndani ya wiki chache tangu vidonge vya kifua kikuu vianze. Ndiyo maana mpokeaji wa figo anapokutwa na kifua kikuu, kliniki ya kifua kikuu na kliniki ya figo lazima ziwasiliane kabla ya kidonge cha kwanza, wapange ama kutumia rifabutini, ndugu ya rifampisini isiyokichochea sana kimeng'enya hicho, ama kupandisha dozi kwa kupima damu mara kwa mara.

Wanawake

Kuna kundi moja ambalo hoja ya seli inayotegemea jiko inageuka kuwa hatari kubwa. Mtoto tumboni ni seli zinazogawanyika. Mimba zilizokutwa na mikofenoleti zimeharibika kwa asilimia 45 mpaka 49, na kati ya watoto waliozaliwa hai asilimia 23 mpaka 27 walikuwa na kasoro za kimaumbile: masikio yasiyoumbika, mdomo wa sungura, kaakaa lililopasuka, moyo. Onyo kali kutoka mamlaka ya Marekani lilikuja mwaka 2007, miaka kumi na miwili baada ya dawa kuidhinishwa. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mwanamke mwenye figo iliyoharibika mara nyingi hapati mimba kabisa, na upandikizaji unaofaulu humrudishia uzazi ndani ya miezi michache, wakati anameza mikofenoleti. Wengi wao kwetu ni vijana, na swali la mtoto huulizwa nyumbani kabla halijaulizwa kliniki.

Kwa hiyo mwanamke mwenye umri wa kuzaa anapaswa kuambiwa kabla ya kuanza, apimwe mimba, na awe na njia ya uzazi wa mpango inayoaminika. Anayetaka mtoto huachishwa mikofenoleti angalau wiki sita kabla ya kuanza kujaribu, na kurudishwa kwenye azathioprini, ile dawa ya miaka ya 1960, ambayo imetumiwa na wajawazito wengi bila kasoro za namna ile. Anasubiriwa mpaka ionekane figo imetulia kwenye dawa hiyo.

Mabadiliko hayo yana mtego mmoja. Wapokeaji wa figo hupata jongo mara kwa mara, maana siklosporini na takrolimasi hupandisha asidi ya yuriki, na jongo hutibiwa kwa alopurinoli, ambayo nayo ni dawa ya kuzuia kimeng'enya, zanthini oksidesi. Kimeng'enya hicho ndicho kinachosaidia kuisafisha azathioprini mwilini. Mgonjwa anayetumia mikofenoleti anaweza kumeza alopurinoli bila tatizo hilo. Akihamishiwa azathioprini na alopurinoli ikabaki, dawa inajilimbikiza na uboho unaporomoka. Jambo hili si geni. Alopurinoli ilitoka maabara ileile ya Hitchings na Elion, na lengo lao la kwanza nayo lilikuwa kuifanya merkaptopurini, mama wa azathioprini, idumu zaidi mwilini. Anayebadilisha dawa aangalie kwanza kama alopurinoli au febuksostati, dawa nyingine ya jongo inayozuia kimeng'enya hichohicho, ipo kwenye orodha. Ikiwapo, aiondoe, au kama hapana budi kutumia alopurinoli, dozi ya azathioprini ishushwe mpaka robo na damu ipimwe kila wiki katika mwezi wa kwanza.